Insulini na Kazi ya Mwili: Kurekebisha Dozi kwa Kijana Mwenye Kisukari

Kata ya Ikinga imo katika Wilaya ya Ileje, Mkoa wa Songwe, katika nchi ya vilima na mabonde ambayo upande wake wa kusini hupakana na Malawi kwa Mto Songwe. Kwa wenyeji wa huko mlima si mandhari ya kutazamwa, ni njia. Mwanafunzi hushuka bondeni na kupanda tena ili afike shuleni, na akirudi nyumbani hungojewa na ndoo ya maji, mzigo wa kuni au jembe la shamba la mahindi na maharage. Kijana mwenye afya huchoshwa na kazi hizo na kuona njaa, basi. Lakini kwa kijana mwenye kisukari cha aina ya kwanza, ambaye asubuhi ile ile amejidunga sindano ya insulini, mlima ule una nguvu ya dozi nyingine ya dawa ambayo hakuna mganga aliyeiandika katika cheti chake.

Makala hii inakusudia kueleza kwa nini iko hivyo, na jinsi dozi ya insulini na chakula vinavyoweza kupangwa ili kijana huyo apande mlima, alime na kucheza mpira pamoja na wenzake bila kuanguka njiani. Walimu tunawahusisha kwa sababu ya wazi: kengele ya shule ndiyo ipangayo saa ya mchakamchaka, saa ya kazi za mikono na saa ya michezo. Mwalimu aliye zamu hupanga, pengine bila kujua, sehemu ya matibabu ya mwanafunzi wake.

Kwanza tukumbushane maradhi yenyewe. Katika kisukari cha aina ya kwanza, majeshi ya mwili yanayopaswa kupigana na vijidudu hugeuka na kuziharibu seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Maradhi haya hayaambukizi, wala hayaletwi na kula sukari nyingi, wala hayana uhusiano na uchawi. Mara nyingi huanza utotoni au ujanani. Kabla ya mwaka 1922 mtoto aliyepatwa nayo alikuwa hana budi kufa. Mwezi wa Januari mwaka huo, mjini Toronto, Kanada, mvulana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alidungwa insulini iliyotolewa katika kongosho za wanyama, akawa mtu wa kwanza kutibiwa kwa dawa hiyo. Tangu wakati huo maradhi haya yamekuwa ya kuishi nayo, ila kwa sharti moja kubwa: kazi ambayo kongosho huifanya yenyewe kila dakika, mgonjwa hana budi kuifanya kwa mkono wake, kwa sindano na kwa makadirio.

Hesabu ya kijiko kimoja

Wanafunzi wa kemia waifanye hesabu hii wenyewe. Kijana mwenye uzito wa kilo 50 ana damu ipatayo lita tatu na nusu. Damu ya mtu mwenye afya, kabla hajala, huwa na glukosi yapata milimoli 5 katika kila lita. Uzito wa moli moja ya glukosi ni gramu 180. Zidisha, utapata kama gramu 3 tu za sukari katika damu yote ya mwili, yaani pungufu ya kijiko cha chai. Hata tukiongeza sukari iliyomo katika majimaji yanayozizunguka seli, jumla haizidi gramu 10.

Sasa tumtie kijana huyo mlimani. Misuli ya miguu inayofanya kazi kwa nguvu inaweza kuvuta kutoka katika damu kiasi cha nusu gramu hadi gramu moja ya glukosi kila dakika. Akiba ya gramu 10 ingemalizika kabla hajafika kilimani. Lakini mtu mwenye afya hapandi kwa dakika kumi akaanguka; hupanda hata saa tatu, na sukari yake ya damu huwa karibu ile ile. Kuna nini?

Jibu liko katika ini. Ini huweka ghala la wanga uitwao glikojeni, na misuli inapovuta sukari, ini hufungua ghala lake na kuitia sukari ndani ya damu kwa kadiri ile ile inayochukuliwa. Ufunguo wa ghala hilo ni wa namna mbili. Homoni ya glukagoni hulifungua, insulini hulifunga. Kwa hiyo mtu mwenye afya aanzapo kupanda mlima, mishipa ya fahamu na adrenalini huiamuru kongosho ipunguze kutoa insulini, na glukagoni ikapanda. Bomba la insulini hufungwa nusu, ghala la ini hufunguka, na safari ikaendelea.

Pengine msomaji atauliza: kama insulini imepungua, je, misuli itaingizaje sukari, ilhali tumefundishwa kwamba insulini ndiyo iifunguliayo milango? Hapa pana jambo la kupendeza. Milango ya glukosi katika seli za misuli hubishwa hodi na wageni wawili. Wa kwanza ni insulini. Wa pili ni kazi yenyewe: msuli unapokunjika na kukunjuka, seli husogeza vibebeo vyake vya glukosi hadi ukutani hata kama insulini ni kidogo. Msuli unaofanya kazi huhitaji insulini chache kuliko msuli uliopumzika.

Huyu mwenye kisukari cha aina ya kwanza anatofautianaje na wenzake? Misuli yake ni ile ile, na ini lake ni lile lile. Tofauti ni moja tu, nayo ndiyo kiini cha makala yote: insulini iliyokwisha kudungwa chini ya ngozi hairudi. Hakuna wa kulifunga bomba lake. Mwanafunzi aanze kupanda, ajitwishe ndoo, akimbie, insulini ya asubuhi itaendelea kunywewa na damu kwa mwendo wake. Hodi mbili hupigwa kwa pamoja katika misuli, na wakati huo huo ghala la ini limetiwa komeo. Sukari hutoka kwa haraka na hakuna inayoingia. Ndipo kijana huanguka.

Daktari R. D. Lawrence wa London, ambaye mwenyewe alikuwa na kisukari na aliokolewa na insulini mwaka 1923, alichapisha mwaka 1926 uchunguzi wake kuhusu jambo hilo hilo: kwamba zoezi la mwili huongeza nguvu ya insulini iliyodungwa. Ujuzi huu basi una umri wa karibu miaka mia. Kilichochelewa ni kuufikisha mahali ambapo zoezi si jambo la hiari.

Nasema hivyo kwa makusudi. Vitabu vingi vya mwongozo huandikwa kwa ajili ya kijana wa Ulaya ambaye saa 11 jioni huvaa viatu vya raba, hupima sukari, hukimbia nusu saa, kisha hupima tena. Huyo huchagua zoezi lake. Kijana wa Ikinga hakuchagua mlima, na jembe halina saa maalumu. Kanuni za elimu ya mwili ni zile zile kwake, lakini hana budi kuzitumia kwa namna nyingine.

Saa ya dawa na saa ya shule

Ili kuzitumia, yafaa kujua mwendo wa insulini zenyewe. Katika hospitali zetu nyingi hutumika aina mbili. Ya kwanza ni nyeupe kama maji: huanza kufanya kazi baada ya nusu saa, hufikia kilele kati ya saa mbili na nne baada ya kudungwa, na huisha nguvu baada ya saa sita hadi nane. Ya pili ina ukungu kama maji yaliyotiwa maziwa: huanza baada ya saa moja hadi mbili, kilele chake ni kuanzia saa ya nne hadi ya kumi, na huweza kudumu saa kumi na mbili au zaidi. Wagonjwa wengi hupewa kichupa kimoja ambamo aina hizo zimechanganywa tayari, sehemu 30 ya ile nyeupe na sehemu 70 ya ile ya ukungu, nao hujidunga mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni.

Tuiweke saa hiyo kando ya saa ya shule. Mwanafunzi anayejidunga saa 12 asubuhi atakuwa na kilele cha insulini nyeupe kati ya saa 2 na saa 4 asubuhi. Kilele cha ile ya ukungu kitaanza saa 4 na kuendelea mpaka saa 10 alasiri. Sasa tazama ratiba: safari ya mlimani ni saa moja asubuhi, mchakamchaka hufuata, na kazi za shamba la shule au michezo ni saa 9 alasiri. Kazi zote nzito zimeangukia wakati ambapo insulini ina nguvu, na ile ya alasiri huja baada ya saa nyingi tangu uji wa asubuhi. Kama chakula cha mchana shuleni kimechelewa au hakipo, hatari imekamilika.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa kilo 50 ambaye hutumia yuniti 45 kwa siku: 30 asubuhi na 15 jioni. Katika zile 30 za asubuhi, yuniti 9 ni za insulini nyeupe na 21 ni za ile ya ukungu. Leo ana zamu ya kulima shamba la shule alasiri kwa muda wa saa moja na nusu. Afanyeje?

Njia ya kwanza ni kupunguza dozi kabla. Iliyo na kilele chake alasiri ni ile ya ukungu, na hiyo ndiyo ya kupunguzwa. Kama anavyo vichupa viwili mbalimbali, atabakiza yuniti 9 za nyeupe kwa ajili ya uji wake, na zile 21 atazipunguza kwa sehemu moja ya tano hadi karibu theluthi, yaani adunge kama 15 mpaka 17. Kama anacho kichupa cha mchanganyiko tu, hawezi kuzitenganisha. Akipunguza moja ya tano ya zile 30, atadunga 24, na kupungua huko kutagusa asubuhi pia. Basi sukari yake itapanda kidogo kabla ya mchana, naye aweza kuikabili kwa kupunguza wanga katika kifungua kinywa. Si mpango mzuri kama ule wa vichupa viwili, lakini ni bora kuliko kuanguka shambani.

Ikiwa kazi nzito itafuata muda mfupi baada ya mlo, kwa mfano safari ya mlimani baada ya uji, ya kupunguzwa ni insulini nyeupe ya mlo huo. Waganga hutumia makadirio ya kupunguza nusu kwa kazi ya wastani ya nusu saa, na hata robo tatu ikiwa kazi hiyo itafika saa moja. Zoezi jepesi la nusu saa laweza kuhitaji robo tu. Makadirio haya yote ni mahali pa kuanzia, wala si amri. Miili hutofautiana, na mgonjwa hujadiliana na mganga wake kabla ya kuyatumia. Jambo moja tu halina mjadala: insulini haiachwi kabisa eti kwa kuwa leo ni siku ya kazi. Sababu yake tutaiona hivi punde.

Njia ya pili ni chakula, nayo ndiyo njia pekee iliyobaki ikiwa sindano imekwisha kudungwa na mwalimu ametangaza kazi ghafula. Kazi nzito inayofanyika wakati insulini imo kileleni huhitaji gramu 1 hadi 1.5 za wanga kwa kila kilo ya uzito kwa kila saa. Kwa kijana wetu ni gramu 50 mpaka 75 kwa saa moja. Ndizi mbivu ya kadiri ina wanga wa gramu 25 hivi; kiazi kitamu cha wastani kilichochemshwa hakipishani nayo sana. Basi ndizi mbili au tatu kwa saa moja ya jembe, zikigawanywa, moja kabla ya kuanza na nyingine kazi ikiendelea. Nchi ya Ileje haina uhaba wa ndizi. Kinachokosekana mara nyingi ni ruhusa ya kula ndizi wakati wenzake wanalima.

Na hapa naomba walimu waniwie radhi nikisema waziwazi: mwanafunzi mwenye kisukari anayekula katikati ya kazi hatendi utovu wa nidhamu. Kumkataza ni sawa na kumnyang'anya dawa.

Wapi pa kupimia

Vibanzi vya kupimia sukari ni ghali, na wengi huvipata kwa hesabu. Kama mwanafunzi anavyo viwili tu kwa siku ya kazi nzito, mimi ningeshauri kimoja kitumike kabla ya kazi kuanza, na cha pili kabla ya kulala. Sababu ya hicho cha pili nitaieleza baadaye.

Kipimo cha kabla ya kazi husomwa hivi. Ikiwa sukari ni kati ya milimoli 7 na 10 kwa lita, aanze. Ikiwa ni kati ya 5 na 7, ale kwanza gramu 10 za wanga, kama nusu ya ndizi. Chini ya 5, ale gramu 10 hadi 20, na asubiri ipande. Chini ya 4 ni ugonjwa tayari: ashughulikiwe, asifanye kazi.

Na ikiwa ni juu ya 15? Hapo wengi hufikiri kwamba mlima utakuwa tiba, kwani tumesema kazi hushusha sukari. Fikira hiyo ni ya hatari. Kazi hushusha sukari pale tu insulini ilipo. Palipo na upungufu mkubwa wa insulini, ini huachia sukari bila kizuizi, na mafuta ya mwili huvunjwa na kuzaa asidi ziitwazo ketoni; kazi nzito huongeza zote mbili. Mwanafunzi mwenye sukari ya juu, anayetapika au kuumwa tumbo, anayepumua kwa kina na ambaye pumzi yake inanukia kama matunda yaliyoiva mno, asipelekwe shambani wala asilazwe bwenini eti apumzike. Anahitaji insulini na hospitali, siku ile ile. Waganga wa Hospitali ya Muhimbili waliowafuatilia wagonjwa wapya 1,250 wa kisukari mjini Dar es Salaam kati ya mwaka 1981 na 1987 waliona kwamba sumu ya ketoni, pamoja na maambukizo, ilikuwa miongoni mwa sababu kubwa za vifo. Hii ndiyo sababu ya kusema kwamba insulini hupunguzwa, haiachwi. Ikiwa sukari ni juu ya 15 lakini ketoni hazipo na mwenyewe hajisikii vibaya, anywe maji na afanye kazi nyepesi tu.

Kuna tofauti nyingine inayowachanganya vijana wenyewe. Mbio fupi za kasi, kunyanyua vitu vizito, au fainali ya mashindano ya UMISSETA ambapo moyo hudunda kabla hata ya kipenga, vyote huweza kupandisha sukari badala ya kuishusha, maana adrenalini nyingi huifungua ini kwa nguvu. Sukari ya namna hiyo kwa kawaida hushuka yenyewe baada ya saa moja au mbili. Anayekimbilia kujidunga insulini nyingi ili kuirekebisha hujitafutia kuanguka usiku. Kwamba michezo mikubwa yawezekana hatuna haja ya kubishana: Gary Hall wa Marekani aligunduliwa kuwa na kisukari cha aina ya kwanza mwaka 1999, akashinda medali ya dhahabu ya kuogelea mita 50 katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 2000, na tena mwaka 2004.

Mahali pa kuchoma sindano napo pana maana yake. Mwaka 1978 watafiti Koivisto na Felig walionyesha kwamba insulini iliyodungwa pajani hunyonywa haraka zaidi miguu inapofanya kazi. Anayejiandaa kupanda mlima adunge tumboni, siyo pajani.

Usiku baada ya kazi

Sasa turudi kwenye kile kipimo cha usiku. Misuli iliyofanya kazi imemaliza glikojeni yake, nayo huendelea kuvuta sukari ya damu kwa saa nyingi ili kuijaza tena. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1987 ulieleza vijana ambao sukari yao ilishuka si wakati wa zoezi, bali saa 6 hadi 15 baadaye, mara nyingi wakiwa usingizini. Ongeza hapo kwamba insulini ya ukungu iliyodungwa saa 12 jioni hufikia kilele chake kuanzia saa 4 usiku. Mwanafunzi aliyelima alasiri na kulala salama aweza kukutwa asubuhi shuka zimelowa jasho, kichwa kinamuuma, au hajitambui.

Kwa sababu hiyo, baada ya siku ya kazi isiyo ya kawaida, dozi ya jioni nayo hupunguzwa kwa moja ya tano hivi. Kwa mfano wetu, 15 ziwe 12. Apime kabla ya kulala, na akiwa chini ya 7 ale kitu chenye wanga pamoja na protini, kwa mfano kiazi na maziwa au maharage. Kiranja wa bweni ajue. Pombe, hata ikiwa ni komoni ya sherehe ya nyumbani, huizuia ini kutengeneza sukari, na usiku wa namna hiyo yaweza kuua.

Dalili za sukari kushuka ni jasho, kutetemeka, njaa kali, moyo kwenda mbio. Kisha hufuata kuchanganyikiwa, ukali usio na sababu, maneno yasiyoeleweka, na mwisho kuanguka na kutupatupa viungo kama mwenye kifafa. Shida ni kwamba mlimani kila mtu hutoka jasho na moyo wa kila mtu huenda mbio. Dalili za kwanza hufichwa na kazi yenyewe, na mara nyingi mwenzake aliye nyuma yake njiani huwa wa kwanza kuona kwamba mwendo umelegea na majibu yamekuwa ya ajabu. Wako waliodhaniwa kuwa wamelewa. Wako waliodhaniwa kuwa wamepandwa na mapepo, wakaombewa wakati kijiko cha sukari kilikuwa jikoni.

Akiwa bado aweza kumeza, apewe gramu 15 za sukari ya haraka: vijiko vitatu au vinne vya chai katika maji, au karibu nusu ya chupa ya soda yenye sukari halisi. Baada ya dakika 15 apimwe au aangaliwe. Kama hajapata nafuu arudiwe, kisha ale chakula. Akiwa amezimia, asimiminiwe kitu chochote mdomoni. Alazwe ubavu, adungwe glukagoni ikiwa ipo pamoja na mtu aliyefundishwa, la sivyo apelekwe mara moja penye uwezo wa kumtilia glukosi mshipani. Aliyeanguka vibaya leo asitumwe kazi nzito kesho, kwani king'ora cha mwili wake huwa kimepungua sauti kwa siku nzima au zaidi.

Katika nchi tajiri zipo siku hizi mashine ndogo zinazovaliwa mwilini, zikipima sukari kila dakika chache na kupunguza insulini. Hata hizo hupaswa kupunguzwa kama saa moja au moja na nusu kabla ya zoezi, kwa sababu iliyokwisha kuingia chini ya ngozi haitoki tena. Kuwaza kabla hakukwepeki, kwa mashine wala kwa sindano.

Limebaki jambo ambalo, kwa maoni yangu, husababisha maanguko mengi kuliko mengine yote. Mgonjwa mpya hulazwa hospitalini, Itumba, Isoko au Mbeya, na dozi yake hupangwa akiwa kitandani, ambako kazi yake kubwa ni kwenda msalani. Kisha huruhusiwa, na dozi ya kitandani huenda naye mlimani. Ndani ya juma moja imekuwa kubwa mno. Mganga si wa kulaumiwa. Hakuna aliyemwambia juu ya mlima. Na mambo hugeuka upande wa pili vile vile: anayetembea kila siku huzoea dozi iliyokwisha kuhesabia safari hiyo, na akihamia bwenini mita mia kutoka darasani, sukari yake itapanda bila yeye kula cha ziada.

Kwa hiyo mwanafunzi anapokwenda kliniki achukue, pamoja na daftari la vipimo, nakala ya ratiba ya shule yenye saa za safari, mchakamchaka, shamba na michezo, na mwalimu wa darasa amsaidie kuiandika. Aandike pia majira: mvua za kwanza na kilimo, mavuno ya kahawa, na likizo, hasa kwa vijana wanaoshuka Tunduma kubeba mizigo mpakani. Shule ifunguliwapo Januari, siku tatu za kwanza apime zaidi na awe na sukari mfukoni, kwa kuwa dozi ya likizo ilipangwa kwa mwili uliokaa nyumbani.